Kengele Humwita Nani?

Mlango wa Mswahili una maneno mawili kabla haujafunguliwa: hodi na karibu. La kwanza ni la aliye nje, la pili ni la aliye ndani, na baina yake hukaa heshima yote ya nyumba. Anayebisha hodi mara tatu asiitikiwe hugeuka akaenda zake, wala hahesabu kuwa amedharauliwa. Ni adabu iliyofunzwa na dini na ikakubaliwa na mila kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa idhini yake. Kwa mizani hiyo, kosa la mwizi huanza kabla mkono wake haujagusa kitu. Ameingia bila ya hodi.

Sasa mlangoni limeongezeka neno la tatu. Halitamkwi na wa nje wala wa ndani, bali na chombo kidogo cha plastiki kilichobanwa kwenye mwimo. Mlango ukifunguliwa na namba ya siri isibonyezwe, king'ora hulia na mtaa mzima husikia. Kengele za namna hii hapo zamani zilikuwa za mabenki na majumba ya wakubwa. Leo zinauzwa madukani pamoja na balbu na nyaya. Anayetaka kununua huuliza bei, huuliza dhamana, huuliza betri itadumu saa ngapi. Maswali hayo ni ya haki. Lakini nyuma yake lipo swali jingine ambalo muuzaji hawezi kulijibu: mtu anayefunga kengele mlangoni pake anawaambia nini majirani zake? Je, anawashuku, au anawategemea?

Mwanafalsafa wa Kiingereza Thomas Hobbes aliligusa swali hili katika kitabu chake Leviathan, kilichotoka mwaka 1651, wakati nchi yake ilikuwa inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hobbes hakuwa na dhana njema juu ya tabia ya binadamu, na alijua kwamba wasomaji wengi wangemkatalia. Basi akamtaka msomaji ajitazame mwenyewe. Akisafiri huchukua silaha. Akienda kulala hufunga milango. Hata ndani ya nyumba yake hufunga makasha, na hali anajua kuwa sheria ipo na askari wapo. Anapofunga mlango, anawaonaje raia wenzake? Anapofunga kasha, anawaonaje watoto na watumishi wake? Kwa rai ya Hobbes, mtu huyo amekwisha kuwashitaki wanadamu kwa vitendo, kama yeye Hobbes alivyowashitaki kwa maneno.

Hoja hii ni kali, na kwa kuitupia jicho mara moja huonekana haina jawabu. Lakini nyumba za kale za mwambao zina la kujibu. Nyumba ya mawe ya Lamu hutanguliwa na daka, pahala pa kivuli penye viti vya mawe, ambapo mgeni huweza kukaa akapumzika kabla hajaingia. Ukishapita mlango, hukutana na njia iliyopindishwa makusudi, ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Unguja nako ipo milango mizito ya mbao, yenye nakshi na misumari ya shaba, inayofungwa kwa mnyororo na kufuli kwa nje na kwa komeo kwa ndani. Waliojenga nyumba hizi walijua kufunga. Hata hivyo, watu haohao ndio waliojenga baraza kando ya mlango uliofungwa, wakauacha mtaa ukae hapo, unywe kahawa, ucheze bao, usimulie habari za mjini mpaka usiku.

Komeo na baraza viko katika ukuta mmoja. Komeo, basi, halikuwa shitaka, lilikuwa mpaka. Na pasipo mpaka hapana karibu, maana mtu hawezi kukaribishwa pahala pasipokuwa na nje wala ndani. Ni mashuhuri pia kisa cha yule aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ikiwa kumfunga ngamia hakukuhesabiwa kuwa ni upungufu wa imani kwa Muumba, seuze kuufunga mlango kuhesabiwe kuwa ni tusi kwa jirani.

Ama kengele, hiyo ni jambo jingine tena, na haifai kuwekwa katika kundi moja na kufuli. Kufuli huzuia. Kengele haimzuii mtu. Haina uzito wa komeo wala ukali wa vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuita. Hapa ndipo hoja ya Hobbes inapopungukiwa. Mwenye kufuli anaweza kuwa hamwamini mtu yeyote duniani, na kufuli lake likafanya kazi vilevile. Mwenye kengele hawezi. Anayetundika king'ora ukutani amekiri, apende asipende, kwamba wapo watu watakaokuja. Asiyeamini kuwa yupo wa kuitika hana sababu ya kuita. Kitendo kilekile, basi, kina shitaka na kina tumaini ndani yake: kinamshuku mmoja asiyejulikana, na kinawaamini wengi wanaojulikana.

Historia ya chombo chenyewe inashuhudia hivyo. Mwaka 1853, Augustus Russell Pope wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wizi. Mlango au dirisha likifunguliwa, mkondo wa umeme ulikamilika, sumaku ikaitikisa nyundo ndogo, na nyundo ikaigonga kengele. Miaka minne baadaye Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo akaufanya biashara. Kengele ya kwanza ilimwita mwenye nyumba tu, aamke. Baadaye nyaya zilivutwa kutoka majumbani hadi kwenye ofisi iliyokuwa ikikesha, na hapo mwito ukawa unakwenda kwa mtu aliyelipwa.

Zaidi ya karne moja ikapita, na jambo hilo likashikwa na mwanamke mwenye asili ya Kiafrika huko New York, Marie Van Brittan Brown. Alikuwa muuguzi, saa zake za kazi na za mumewe hazikulingana, hivyo alikuwa akibaki nyumbani peke yake katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika walipoitwa. Yeye na mumewe Albert, fundi wa vyombo vya umeme, waliomba hataza mwaka 1966 wakaipata mwaka 1969. Katika mtambo wao, kamera ilipanda na kushuka nyuma ya vitundu vya mlangoni na kuonyesha sura ya aliye nje kwenye runinga iliyokuwa ndani, na aliye ndani aliweza kusema naye. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtambo huo ulimpa mwenye nyumba njia mbili: kuomba msaada, au kuufungua mlango akiwa mbali nao. Mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa hakubuni chombo cha kupiga kelele tu; alibuni pia njia ya kusikia hodi na kusema karibu.

Kutoka hapo lizingatiwe jambo la karibu zaidi. Na awaziwe mwalimu mstaafu wa skuli, mjane, anayekaa katika nyumba ya ghorofa ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Watoto wake wako Maskati na London, nao ndio waliotuma pesa za kengele baada ya kusikia kuwa nyumba ya pili imevunjwa. Nyumbani yupo na msichana anayemsaidia kazi. Fundi aliyekuja kuifunga ni kijana aliyewahi kusomeshwa naye.

Shida za kwanza ni za mawe na hewa. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, na mawimbi ya vyombo visivyo na waya hudhoofika yanapozipita. Anayetaka waya naye lazima atoboe, na ukuta wa kale hautobolewi ovyo. Mlango wenye nakshi hauguswi. Sumaku yake hubandikwa kwa ndani, juu, pahala pasipo na kazi ya mkono wa seremala wa zamani. Kile chombo kinachotambua mwendo hufanya kazi kwa kuhisi mabadiliko ya joto, kwa hiyo hakielekezwi kwenye dirisha linalopigwa na jua, na mjusi akitambaa juu ya uso wake anaweza kuuamsha mtaa mzima. Upepo wa kusi hutikisa madirisha. Chumvi ya bahari hula viungo vya shaba. Umeme nao una historia yake: Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Betri ya mtambo ni ya kuvukia saa chache, si miezi. Kengele isiyotunzwa hufa kimya, na mwenyewe akaendelea kulala kwa amani ya kitu kilichokwisha kufa.

Hayo yote fundi anayaweza. Asiloliweza lilikuja alipofika kwenye kibao cha namba.

"Mwalimu, namba ya siri niwawekee watu wangapi?"

"Si namba moja, mwanangu?"

"Yaweza kuwa moja ya wote, na yaweza kila mtu kuwa na yake. Kila mtu akiwa na yake, mtambo huweka kumbukumbu nani kafungua, na saa ngapi."

"Na huyu msichana?"

"Hilo ni lako, Mwalimu. Wengine hawampi."

Swali la fundi ni dogo, lakini lina uzito kuliko mtambo wote. Kabla ya siku hiyo, imani ya nyumba ile haikuwa na daftari. Ufunguo uliachwa kwa jirani, msichana aliingia na kutoka, na hakuna aliyewahi kuulizwa ni nani anaaminiwa na nani haaminiwi. Sasa chombo kinadai orodha. Kilichokuwa kikiishi kimya ndani ya moyo kinatakiwa kitajwe kwa majina, na anayeachwa nje ya orodha atajua kuwa ameachwa.

Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na wapo wanaoifanya methali hiyo kuwa hukumu juu ya kila mtumishi. Kitu kikipotea, mfuko wa kwanza kupekuliwa ni wa msichana wa kazi. Ni desturi ya kale na ni dhuluma ya kale, kwa sababu mara nyingi ushahidi pekee ulio juu yake ni umasikini wake. Hapo ndipo kumbukumbu ya mtambo inapoweza kutenda jambo lisilotarajiwa. Asiyepewa namba anabaki mgeni katika nyumba anayoifagia. Anayeshirikishwa namba moja na watu wote anabeba tuhuma za wote. Lakini mwenye namba yake mwenyewe amepata shahidi: ikiwa mlango ulifunguliwa saa ambayo yeye alikuwa sokoni, kumbukumbu itasema hivyo, na haitajali nani ni bibi na nani ni mtumishi.

Sharti lake ni moja, nalo ni kubwa: aambiwe. Msichana akipewa namba na asijulishwe kwamba kila kuingia na kutoka kwake kunaandikwa, hicho si kinga tena, ni upelelezi. Chombo kilekile, katika mlango uleule, huwa ni amana au huwa ni hila, na tofauti yake ni maneno machache yaliyosemwa waziwazi au yaliyofichwa. Mwalimu alimwita msichana mbele ya fundi, akamweleza mtambo unavyofanya kazi, akamwachia achague namba yake mwenyewe.

Lililobaki ni swali la mwito: kengele ikilia, imwite nani? Mtoto aliye London alitaka ilie katika simu yake, na mitambo ya siku hizi inaweza. Ni upendo, na haufai kubezwa. Mtoto aliye mbali naye ana haki ya kujua kama mama yake amelala salama. Lakini aliye London akisikia king'ora cha Unguja atafanya nini ila kupiga simu kwa mtu aliye Unguja? Kampuni ya ulinzi nayo hutuma walinzi, na wengi wao ni watu waaminifu wanaokesha kwa ujira mdogo. Hata wao wanatoka pahala, na baina ya pahala hapo na mlango wa mwalimu kuna dakika ambazo mwizi anazijua vizuri kuliko mtu yeyote. Katika dakika hizo yupo mtu mmoja tu anayeweza kuwa mlangoni, naye ni jirani.

Basi king'ora kilie nje, mtaani. Lakini hapa mwenye nyumba aogope, tena aogope kitu kisichokuwa mwizi. Katika miji ya Afrika Mashariki, neno "Mwizi!" likipigwa ukelele usiku si taarifa tu. Limekwisha kuua. Wamekufa kwa mawe, kwa magongo na kwa moto watu walioiba kuku, na pamoja nao wamekufa watu ambao hawakuiba chochote, waliopita njia mbaya saa mbaya. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Umati hausomi ibara. King'ora ndio ule ukelele uliotiwa katika chombo, na chombo hicho hakina macho. Hakijui tofauti ya mvunja nyumba na mjukuu aliyesahau namba, wala ya jambazi na mlevi aliyekosea mlango. Ni shahidi anayetoa ushahidi juu ya jambo asiloliona.

Ushahidi wa asiyeona hubebwa na aliyemtuma. Hili ndilo jibu la swali lililoulizwa mwanzo. Anayefunga kengele amemwazima mtambo sauti yake, na kila unalolisema mtambo amelisema yeye. Ukidanganya kila wiki kwa sababu ya mjusi na upepo, na mwenyewe asijali kuutengeneza, yeye ndiye mwongo, na siku ya kweli hatalalamika kwamba watu wamegeukia upande wa pili wakalala. Ukiwaita watu usiku wa manane, yeye ndiye aliyewaita, na ni juu yake kusimama baina yao na yule waliyemkuta ngazini mpaka polisi wafike. Mwenye kengele hulinda mali yake kwa mwito, na kwa mwito huohuo anakuwa mlinzi wa roho ya yule aliyekuja kuiiba. Asiyekubali mzigo huo wa pili hana haki ya faida ile ya kwanza.

Itasemwa kwamba mtaa wa leo si mtaa wa jana. Nyumba zimegeuzwa hoteli, warithi wamehama, wapangaji hubadilika, na baraza nyingine hazina tena wa kukaa. Ni kweli. Lakini ukweli huo hauipi kengele nguvu zaidi, unaipunguzia. Kadiri majirani wanavyokuwa wageni, ndivyo king'ora kinavyokuwa kelele tupu. Mtu aliyeacha kusalimiana na watu wa mtaani, kisha akanunua chombo cha kuwaita, amenunua nusu ya kitu. Nusu ya pili haiuzwi dukani. Hupatikana kwa kwenda nyumba hadi nyumba kabla fundi hajamaliza kazi, kueleza sauti itakuwaje, kusema nani apigiwe simu, kuomba radhi mapema kwa usumbufu, na kuahidi kwamba yowe la jirani asiye na kengele litaitikiwa vilevile. Maana maskini naye ana king'ora chake, nacho ni koo lake. Anayetaka mtaa uamke kwa ajili ya mtambo wake, naye akajifunika shuka mtaa unapopiga yowe, amekopa deni asilokusudia kulipa.

Hobbes, basi, hakukosea aliposema kwamba mlango uliofungwa unasema neno juu ya wanadamu. Alikosea kudhani kuwa neno hilo ni moja. Hofu ya mwalimu ni ya haki: ni mzee, yuko peke yake, na nyumba ya pili imevunjwa. Tahadhari kabla ya hatari. Lakini hofu huweza kumfanya mtu azidi kujifungia, na huweza kumtoa nje akawajue watu atakaowahitaji. Kengele haichagui baina ya njia hizo. Anayechagua ni mwenye nyumba.

Jioni fundi alijaribu mtambo. King'ora kililia kwa muda wa dakika moja, njiwa wakaruka kwenye paa, na mtaa ukanyamaza. Fundi alitazama taa za kibao, akaridhika. Mwalimu hakutazama kibao. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, akisikiliza mlangoni, mpaka iliposikika sauti ya mwanamme wa nyumba ya pili, mtu ambaye hakuwa amesemezana naye tangu msiba wa mumewe:

"Hodi! Hodi humu! Mna salama?"

"Tuna salama, baba," alijibu mwalimu, akaanza kushuka. "Tulikuwa tunajaribu. Karibu."